Karani hakuitwa kwenye kikao

Hati ya mahitaji ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kuandika, yaani hati inayoeleza mfumo wa kompyuta unatakiwa ufanye nini, ina kurasa nne. Kabla yake niliandika nyingine ya mfumo huohuo, kurasa 96. Ile ndefu ilisainiwa na kila aliyepaswa kusaini, ikasifiwa kikaoni, na mfumo uliojengwa kwa kuifuata ukawekwa pembeni wiki ya kwanza ya msimu. Kati ya hati hizo mbili ndipo nilipoanza kuipenda kazi ya uchambuzi wa biashara. Vijana wa Moshi na Arusha wanaoingia kwenye fani hii huniuliza kama ina maana yoyote zaidi ya mshahara. Jibu langu nililipata juu mlimani, kando ya mizani ya kahawa.

Niieleze kwanza kazi yenyewe. Mchambuzi wa biashara hukaa kati ya wenye tatizo na watakaolitatua, ambao mara nyingi ni watengeneza programu. Huchunguza kazi inafanyikaje leo, inakwama wapi, nini kibadilike, kisha huyaandika hayo ili pande zote mbili zielewe jambo moja. Taasisi ya kimataifa ya fani hii, IIBA, ilianzishwa Toronto mwaka 2003, na toleo la tatu la mwongozo wake, BABOK, lilitoka mwaka 2015. Mwongozo huo unayagawa mahitaji katika mafungu: ya biashara, ya wadau, ya suluhisho na ya mpito. Mafungu hayo niliyajua kwa moyo. Nilikuwa nahesabu saa zangu za kazi ili nifikishe 7,500 zinazotakiwa kwa CBAP, cheti cha IIBA cha wachambuzi wazoefu. Na kila Jumapili jioni nililala na uzito kifuani kwa kuwa kesho yake ni Jumatatu.

Mradi wenyewe ulikuwa wa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa, juu ya Moshi. Viongozi walitaka kuachana na madaftari: mkulima alete kahawa, ipimwe, uzito uingie kwenye kishikwambi, apewe stakabadhi, na malipo yaende moja kwa moja kwenye simu yake. Tulikaa vikao vitano mjini. Alikuwepo mwenyekiti, meneja, mhasibu, na mtu wa benki. Nilichora mtiririko wa kazi, wakaukubali, nikaenda kuandika.

Msimu ulipofunguliwa, haikupita wiki meneja akanipigia simu kwamba makarani wamerudi kwenye daftari. Ofisini kwetu ikasemwa kwamba hawajazoea, waandaliwe mafunzo mengine. Sikuwa na hoja ya kupinga, ila moyo haukutulia. Asubuhi yake nikapanda Hiace kwenda kuona kwa macho yangu.

Karani wa kituo kile ni mzee wa umri wa baba yangu. Nilimwamkia, nikamweleza nimetoka kwa wale wa kishikwambi, akanipisha kwenye benchi karibu na mizani. Nilikaa pale siku tatu.

Kuna mbinu iliyoenezwa na watu wa Toyota, ya kuuliza "kwa nini" mara tano mfululizo mpaka ufike kwenye kiini cha tatizo. Naiheshimu sana. Lakini mzee wa mlimani ukimwuliza "kwa nini" mara tano, kufikia ya tatu anakuona unamhoji kama mwizi. Nikamwambia, "Baba, naomba unisimulie jana ilivyokwenda, tangu ulipofungua mlango." Akasimulia kwa muda wa saa nzima. Tangu siku hiyo ndivyo ninavyoanza kazi zangu zote, na sijapata swali la kulizidi hilo.

Siku ya pili alikuja mama mmoja na kilo 14 na nusu. Kishikwambi kilituma namba ya uthibitisho kwenye simu ya mwanachama. Mwanachama ni mumewe, aliyefariki miaka mitatu kabla. Namba ya uanachama ilikuwa bado kwa jina lake, kama kihamba chenyewe, shamba la familia, kinavyoendelea kuitwa kwa jina lake, na laini ya simu ilishafungwa. Karani hakusema neno. Alikiweka kishikwambi chini, akafungua daftari, akaandika uzito kwenye mstari wa marehemu, kisha akatia nukta ya wino mwekundu pembeni.

Nikamwuliza ile nukta ni ya nini.

"Hiyo ni ya mama. Siku ya malipo anaitwa yeye."

Nikaomba daftari, nikaanza kufunua. Kila ukurasa niliofungua ulikuwa na nukta nyekundu. Palikuwa pia na pembetatu ndogo: kahawa imeletwa na mtoto, fedha asipewe mkononi. Palikuwa na mstari chini ya namba: mwenyewe yuko Dar es Salaam, anayevuna ni mdogo wake, wanagawana. Katika kurasa zangu 96 hapakuwa na hata alama moja ya hizo, kwa sababu katika vikao vyangu vitano karani hakuitwa. Orodha ya waalikwa niliiandika mimi.

Ushirika wa kahawa Kilimanjaro si wa jana. Wakulima walianza chama chao cha kwanza mwaka 1925, na mwaka 1933 ikaundwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha mkoa. Kwa karibu karne nzima watu wamepima kahawa na kuandika, na wamekutana na kila aina ya msiba, ugomvi wa urithi na safari za kutafuta maisha mjini. Daftari la mzee yule lilikuwa ndani yake na majibu ya mambo hayo yote. Sisi tukaja na kifaa kinachojua jambo moja tu, kwamba mwanachama ni mtu mmoja aliye hai mwenye simu mkononi.

Hati ya pili niliiandika palepale kwenye benchi, na mzee akinirekebisha. Sentensi yake ya kwanza inasema: anayeleta kahawa, mwenye uanachama na anayepokea fedha wanaweza kuwa watu watatu tofauti. Mengine yote yanatoka hapo. Hatukuyanakili tu yaliyokuwa daftarini, maana nalo lilikuwa na hatari yake. Maana ya nukta ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na karani asiye mwaminifu angeweza kuitumia kuhamisha fedha za mjane. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema kubadilisha mpokeaji kusiwe kwa mkono wa mtu mmoja, awepo na mjumbe wa bodi, na familia ijulishwe. Nikaongeza kwamba namba ya simu ya mama ni taarifa yake, isibandikwe ukutani pamoja na orodha ya malipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana kwa hilo.

Mama yule alipopata stakabadhi yenye jina lake mwenyewe kama mpokeaji, aliisoma mara mbili, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga. Uzito wangu wa Jumapili uliondoka msimu huo, na haujarudi.

Kwa hiyo anayeniambia amechoka na fani hii humwuliza kwanza lini aliketi na mtu anayeifanya kwa mikono kazi anayoichambua. Wengi hawakumbuki. Cheti sikidharau, nami bado nahesabu saa zangu, na michoro nachora. Ila upendo wa kazi hii sijauona ukitoka huko. Arusha niliwahi kufanya mradi wa kampuni ya utalii, na mfumo ulipangwa na watu wa ofisini tu. Kibali cha kuingia Serengeti huhesabiwa kwa saa, na anayejua dakika ipi lazima gari liwe limetoka getini ni dereva. Niliomba dereva aitwe. Mchoro ukabadilika asubuhi hiyohiyo.

Mwaka uliofuata chama kile kiliitisha kikao cha kupitia mfumo kabla ya msimu. Orodha ya waalikwa niliiandika mimi tena. Mzee alikuja na koti lake la sherehe, akakaa kando ya mwenyekiti, daftari likiwa kwapani. Tulipofika kwenye mengineyo, alilifungua katikati, akaweka kidole kwenye alama ambayo sikuwahi kuiona, akasema, "Hii hatujaizungumza."