Gari "inafaa kufufuliwa" maana yake nini hasa? Angalia mkuku kwanza

Wiki iliyopita binamu yangu aliyeko Maskati kanitumia picha WhatsApp, Ford Mustang ya 1969 imelala kwenye banda la mtu, vumbi mpaka juu ya kioo, tairi zote zimekaa chini, alafu chini yake kaandika "kaka hii adimu sana, inafaa kufufuliwa?" Mimi nipo Ngamiani, gari ipo Omani, lakini swali lenyewe nimelisikia mara nyingi sana hapa Tanga, watu wanauliza hivohivo kuhusu Land Rover za zamani za mashamba ya mkonge, kuhusu Peugeot 404, kuhusu lori za Bedford, na karibu kila mara jibu linatolewa kwa macho tu. Mtu anazunguka gari mara moja, anapiga mluzi, anasema hii mali hii. Nikaona niandike hilo neno "inafaa" lina nini ndani yake, maana hela za watu nyingi zinapotelea hapohapo.

Tuanze kwa kutenganisha maneno. Kutengeneza gari ni itembee. Kupiga rangi ni ipendeze. Kufufua ni kitu kingine kabisa, ni kuirudisha ilivyotoka kiwandani, bodi, injini, viti, nyaya, mpaka bolti na stika za kwenye boneti, na ndo maana gharama yake haifanani na zile mbili. Kwa hiyo mtu akikuuliza kama gari inafaa kufufuliwa anauliza hivi: je, hapa bado kuna kitu cha asili cha kurudishia vingine, au nitakuwa natengeneza gari nyingine na kuipachika jina la zamani?

Sisi watu wa pwani hili tunalielewa kwa majahazi. Fundi wa jahazi haanzi kwa kuangalia tanga wala rangi, anainama chini anaangalia mkuku, ule mti mrefu unaobeba chombo chote, alafu mataruma, yaani mbavu za chombo. Mbao za ubavuni zikioza zinabadilishwa, kalafati inatiwa upya, mlingoti unakatwa mwingine, tanga linashonwa. Lakini mkuku ukiwa umeliwa hapo hakuna ukarabati tena, hapo ni kuunda chombo kipya. Gari nayo ina mkuku, na mimi nasema ina miwili: chuma kinachoibeba, na utambulisho wake.

Chuma kwanza, maana huku kwetu ndo kinaua gari nyingi zaidi. Gari hazijengwi namna moja. Land Rover za zamani zina chasisi, yaani fremu ya chuma ya chini iliyojitenga na bodi, na bodi yake kwa sehemu kubwa ni ya alumini, ndo maana unaikuta shambani Muheza bodi inang'aa kama ya juzi kumbe chasisi chini imebaki ganda. Chevrolet Chevelle na Pontiac GTO za miaka ya 60 nazo zina chasisi iliyojitenga, unaweza ukainua bodi ukaiweka pembeni. Lakini Mustang, Dodge Charger, na hata Peugeot 404 ya saluni, hazina hiyo chasisi ya kutenganishwa, bodi yenyewe ndo chasisi, sakafu na vizingiti vya milango ndo vinashikilia kila kitu, kwa hiyo kutu ya sakafu kwenye gari kama hiyo sio kasoro ya urembo, ni mkuku umeliwa.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeshaumia. Marehemu mjomba wangu aliacha 404 nyuma ya nyumba, Raskazone, karibu na bahari, ikakaa chini ya mwembe miaka kumi na kitu inapigwa na upepo wa kusi. Nilipoichukua nikaanza na injini kwa sababu injini ndo kitu kinachosisimua, nikaishusha, pistoni, ringi, bearingi, kabureta ikasafishwa, ikawaka vizuri kabisa na nikafurahi sana siku hiyo. Wiki iliyofuata tunainua upande wa nyuma jeki ikazama kwenye sakafu kama kidole kwenye papai. Tukavua zulia, chini yake kulikuwa na mabati yaliyochomelewa juu ya kutu, bati juu ya bati, na juu yake puti na lami. Hela ya injini ilikuwa imeshaondoka na mkuku haukuwepo. Chumvi ya baharini inavuta unyevu na kuufanya upitishe umeme mdogomdogo ule unaokula chuma, kwa hiyo gari ya pwani inaoza hata kiangazi, hata ikiwa imepaki tu, tena iliyopaki inaoza kuliko inayotembea kwa sababu maji yanakaa sehemu ileile.

Kwa hiyo nikamwambia binamu kabla hujasikiliza hadithi ya muuzaji chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa isichubue rangi, ipitishe taratibu chini ya milango, juu ya matao ya tairi za nyuma, na pembeni ya kioo cha nyuma, pale inapokataa kushika ujue chini ni puti, sio chuma. Vua zulia, usikubali kuambiwa limegundishwa. Chukua bisibisi ubonyeze sakafu na sakafu ya buti. Fungua mlango uuangalie unashuka kiasi gani, ukishuka sana ni bawaba au nguzo, omba iwe bawaba. Na kwa Mustang za miaka ile kuna sehemu moja ya hatari kuliko zote, pale chini ya kioo cha mbele penye matundu ya kuingizia hewa, maji ya mvua yanaingia mle kwenye kisanduku cha chuma yatoke pembeni, majani yakijaa maji yanakaa na kisanduku kinaoza kwa ndani usikione. Mimina jagi la maji pale juu alafu ingiza kichwa chini ya dashibodi. Likidondoka tone ndani, hiyo kazi ni kubwa sana, ni kukata na kuchomelea upya sehemu ambayo hata fundi bodi mzuri anaiogopa.

Mkuku wa pili ni utambulisho, na hapa ndo gari za misuli za Marekani zinapotofautiana na 404 ya mjomba. Gari ya misuli maana yake ni gari ya kawaida ya milango miwili, bei ya kijana anayefanya kazi, iliyotiwa injini kubwa ya V8 ambayo haikukusudiwa iwe mle. Pontiac GTO ya 1964 ndo inayotajwa sana kama mwanzo wake, walichukua Tempest ya kawaida wakaiweka injini ya inchi za ujazo 389, yaani kama lita 6.4, wakati kampuni mama, General Motors, ilikuwa na sheria ya kutozidi 330 kwa gari za ukubwa ule, wakapita pembeni kwa kuiuza kama nyongeza na sio modeli. Ziliuzwa 32,450 mwaka huo wa kwanza. Mambo yakanoga mpaka mwanzoni mwa miaka ya 70, bima zikapanda, sheria za moshi zikabana, alafu mafuta yakapanda mwishoni mwa 1973 na mchezo ukaisha.

Sasa angalia mtego uliopo hapo. Kama tofauti ya gari ya thamani na gari ya kawaida ni injini na vifaa tu, basi mtu yeyote anaweza kuchukua ya kawaida akaivalisha. Na wamefanya hivyo, wengi. Ndo maana wenzetu wanashikilia kitu kinaitwa namba kulingana, kwamba injini na gia boksi zilizomo ndizo zilezile zilizofungwa kiwandani, unalinganisha namba ya chasisi na zile zilizogongwa kwenye chuma cha injini. Na namba ya chasisi yenyewe inaongea. Mustang ya 1969 ikianza na 9F02R, 9 ni mwaka 1969, F ni kiwanda cha Dearborn, 02 ni umbo la mgongo wa kuteremka, na R ndo injini, ile 428 Cobra Jet ya lita 7 yenye kunyonya hewa kupitia boneti. Herufi moja ile, ya tano, inabadilisha bei ya gari nzima. Chevrolet za kipindi hicho ni ngumu zaidi, Camaro ya 1969 namba yake inakwambia ni silinda 6 au V8 basi, haikwambii V8 ipi, kwa hiyo hapo unatafuta makaratasi, na karatasi ya kiwandani wakati mwingine inakutwa kwenye springi za kiti au juu ya tangi la mafuta, imekaa humo miaka hamsini na kitu. Kwa Ford kuna mtu anaitwa Kevin Marti ana kumbukumbu za kiwanda za kuanzia modeli za 1967, unampa namba anakutolea ripoti gari ilitoka na nini.

Neno "adimu" nalo linahitaji kushikwa vizuri. Plymouth Hemi 'Cuda ya paa la kukunja ya 1971 zilitengenezwa 11 tu na moja ikauzwa mnadani 2014 kwa dola milioni 3.5, kwa sababu ni chache NA zinatafutwa. Kuna gari nyingine ni chache kwa sababu hakuna aliyeitaka hata ilipokuwa mpya, na hiyo ndo mbaya kuliko zote kufufua, kwa sababu hakuna anayetengeneza spea zake, mpira wa mlango mmoja unaweza kukusimamisha mwaka. Mustang ni nyingi lakini spea zake unapata mpaka bodi nzima mpya. Sema hapo napo kuna swali, ukinunua bodi mpya ukahamishia kile kibati cha namba, ni ile gari? Kwangu mimi hapana.

Hesabu ya hela iko wazi na watu hawataki kuifanya. Jumlisha bei ya kununua, bodi, rangi, injini, viti, usafiri, alafu tafuta bei ya gari ileile ambayo tayari imeshafufuliwa na mtu mwingine. Mara nyingi sana ile iliyokwisha inakuwa rahisi kuliko jumla yako. Na kama unafikiria kuileta Tanga ongeza ushuru wa forodha na ule wa uchakavu, na usukani uko kushoto, kuovateki lori njia ya Segera na usukani wa kushoto sio jambo la kulichukulia wepesi.

Ila hesabu ikikataa haina maana jibu ni hapana siku zote. 404 ya mjomba haikuwa na thamani ya soko, lakini ni aina ya gari ambayo Bert Shankland, mtu aliyekuwa anaishi hapahapa Tanzania, alishinda nayo Safari Rally 1966 na 1967, na mjomba alikuwa anatusimulia zile mbio huku ameegemea boneti yake. Mtu akiifufua kwa sababu hiyo namuelewa kabisa, mradi ajue ananunua kumbukumbu na aanze na sakafu. Na ukikuta gari bado ina rangi ya kiwandani, hata kama imefifia, viti vya kwanza, hiyo usiifufue, ioshe, rekebisha breki na mafuta uiendeshe, kwa sababu kile unachotaka kukitengeneza bado kipo.

Binamu kaenda na sumaku Ijumaa baada ya swala. Muuzaji alikuwa anasema 428, anataka bei ya 428. Binamu kapiga picha kile kibati cha juu ya dashibodi kupitia kioo, akanitumia, nikaikuza: 9F02H. H ni 351 ya kabureta ya mirija miwili, yenye nguvu ndogo kati ya zile mbili za 351 mwaka ule. Matao ya nyuma sumaku ilishika vizuri, sakafu nzima, maji hayakudondoka. Kwa hiyo mkuku wa chuma upo, na utambulisho upo pia, ila ni wa gari nyingine na sio ile inayouzwa. Nimemwambia ampe bei ya H, akikataa aondoke.