Wajerumani hawakuizaa Mwanza

Juzi mwaloni Kirumba, pale boti za wavuvi zinapotia nanga hapa Mwanza, tukihakiki majina ya ramani, mpima ardhi kijana niliyeongozana naye alinikumbusha: "Mwalimu, si unajua Mwanza ni Nyanza? Wajerumani walishindwa kuitamka." Nimeisikia darasani, nimeisikia kwenye daladala, nimeisikia kwenye hotuba. Inatosha.

Speke, mpelelezi Mwingereza, alifika hapa Agosti 1858. Mahali alipaandika Muanza, ziwa akaliandika N'yanza. Majina mawili, vitu viwili. Wajerumani walianza kujitwalia nchi hii 1885, miaka 27 baadaye, wakalikuta jina na "m" yake. Na hawakushindwa kutamka lolote: ramani zao zina Muansa na zina Nyansa. Hiyo "s" ni tahajia yao tu. Kwao mbele ya irabu husomeka kama "z" yetu.

Je, Mwanza na nyanza vina mzizi mmoja, viambishi tofauti? Hapo nasita. Sauti zinaruhusu. Lakini kuna Mwanza nyingine Malawi, na mimi siridhiki na mzizi kwa sababu tu silabi zimefanana.

Kinachonichosha zaidi ni neno "asili". Fomu yetu ina safu moja: Asili ya jina. Mpima anajaza tahajia ya kwanza iliyomo kwenye jalada. Mwanahistoria anajaza tukio: nani alipaita hivyo, lini. Mimi najaza mzizi na ngeli. Kisha tunabishana mchana kutwa, kila mmoja akiwa sahihi kwa swali lake. Mwamba wa Bismarck, ule ulio ziwani hapa Mwanza, una tukio, umepewa jina la Kansela wa Ujerumani. Kwa Kibantu sina cha kuchambua pale. Igogo na Igoma, kata za hapa mjini, naweza kuanza nazo kwenye kiambishi, tukio lisijulikane kabisa.

"Jina la kigeni" ndilo baya kuliko yote. Mpima akilisikia anawaza Kiingereza: Victoria, Ghuba ya Speke. Sasa chukua Sukuma. Halitokani na kusukuma kitu, tafadhali. Kwa Kisukuma na Kinyamwezi ni kaskazini, kinyume chake dakama, kusini. Mtu hajiiti wa kaskazini akiwa peke yake. Anaitwa hivyo na aliye kusini kwake, yaani Wanyamwezi. Kwa kipimo changu lilianza kama jina la kutoka nje, ingawa ni la Kibantu kabisa na wenyewe wamelifanya lao. Lini hasa jina kama hilo huacha kuwa la nje? Vitabu vinachora mstari pale. Mimi nikiwa Magu au Misungwi, kwa Wasukuma wenyewe, siuoni.

Basi mwaloni pale tulichukua kalamu tukaigawa ile safu kuwa tatu: umbo, tukio, tahajia rasmi. Mstari wa kwanza tukaandika Mwaloni. Umbo: mwalo, na -ni ya mahali. Tahajia: kama ilivyo. Kwenye tukio kijana alitaka kuandika Wajerumani. Nikamwomba aende kwanza akawaulize wazee wanaoshona nyavu.