Papa Innocent III na wafalme: yanayosemwa na yaliyotokea

"Papa akinena, mfalme anapiga magoti."

Wengi wanapoitaja picha hii humtaja Innocent III, aliyechaguliwa Januari 1198 akiwa na umri wa miaka 37, bado shemasi. Basi na tumtazame Philip Augustus wa Ufaransa. Agosti 1193 alimwoa Ingeborg wa Denmark, na kesho yake akamkataa. Baadaye akamwoa Agnes. Innocent alimtaka amrudishe mke wa kwanza, na Januari 1200 akapiga marufuku ibada katika nchi za mfalme huyo. Septemba Philip akaahidi kutii, marufuku ikaondolewa, naye Ingeborg akaendelea kufungiwa ngomeni. Hakurudishiwa heshima ya malkia hadi 1213. Kwa miaka 15 alikuwa na Papa upande wake, na bado alisubiri.

"Kufunga makanisa kulimwadhibu mfalme."

Dhana hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inawasahau walioibeba adhabu yenyewe.

Uingereza ugomvi wa Papa na Mfalme John ulianzia Canterbury, makao ya askofu mkuu wa nchi, alipofariki Askofu Mkuu Hubert Walter mwaka 1205. John alikuwa na mtu wake wa kumrithi, askofu wa Norwich. Baadhi ya wamonaki walikuwa wamekwisha kumchagua mwenzao kwa siri. Papa akawakataa wote wawili, akamweka Stephen Langton, Mwingereza aliyekuwa amefundisha Paris miaka mingi. John akamkataza asikanyage nchini.

Machi 1208 marufuku ikaanza, ikadumu zaidi ya miaka sita. Kengele zikanyamaza. Watoto walibatizwa, na waliokuwa kufani waliruhusiwa kuungama, lakini maiti hazikupokewa katika ardhi iliyobarikiwa. Watu walizikwa kando ya barabara na mitaroni, bila padre wala sala yake. Mkulima aliyemfukia mwanawe namna hiyo hakuwa na neno lolote katika uchaguzi wa Canterbury.

Na John je? Alitwaa mali za Kanisa, na makasisi wakalazimika kulipa ili warudishiwe. Hata wanawake walioishi na mapadre walikamatwa, mapadre wakatozwa fedha za kuwakomboa. Alipotengwa na Kanisa mwaka 1209 maaskofu wengi walikimbilia ng'ambo, na mapato ya majimbo yao yakaingia katika hazina yake. Adhabu ya Papa ilimtajirisha mkosaji.

"Mwaka 1213 John alisalimu amri kwa kuogopa jehanamu."

Kilichomtisha kilikuwa karibu zaidi. Philip alikuwa amekusanya meli na askari ili avuke bahari, na mabaroni wa John wenyewe, yaani makabaila wakubwa wa nchi, hawakuaminika. Mei mwaka ule akakubali kumpokea Langton, kisha akaikabidhi Uingereza na Ireland kwa Papa, akarudishiwa azishike chini yake kwa mark 1,000 (hesabu ya fedha ya zama hizo) kila mwaka: 700 za Uingereza, 300 za Ireland. Wengi huuita udhalili. Mimi naona mtu aliyepiga hesabu vizuri, maana kwa hati hiyo moja Philip alijikuta anajiandaa kuvamia nchi ya Papa, akaamriwa aache.

"Kanisa lilikuwa nyuma ya Magna Carta."

Magna Carta ni hati iliyoweka mipaka kwa mamlaka ya mfalme. Langton alikuwapo ilipotolewa Juni 1215, akisuluhisha kati ya mfalme na mabaroni. Roma ilikuwa upande mwingine. John sasa alikuwa mtu wa Papa, na tarehe 24 Agosti Innocent aliifuta hati hiyo, akisema mfalme alilazimishwa kwa nguvu na vitisho. Langton alipokataa kutangaza kwamba mabaroni wametengwa na Kanisa, akasimamishwa kazi.

Innocent alifariki Perugia tarehe 16 Julai 1216. Jacques de Vitry, kasisi aliyefika mjini siku hizo, aliandika kwamba wezi waliuvua mwili wake mavazi ya thamani usiku, ukakutwa kanisani karibu uchi. Oktoba John naye akafa. Novemba Magna Carta ikatolewa upya, baadhi ya vifungu vikiwa vimeondolewa, kwa jina la Henry III, mwana wa John mwenye umri wa miaka tisa. Mfalme huyo alikuwa bado hana muhuri wake, kwa hiyo hati ikapigwa mihuri miwili: wa William Marshal, mlezi wa ufalme, na wa Guala, mjumbe wa Papa.