Sonona Inapoanzia Kwenye Tezi ya Shingo

Katika kliniki ya magonjwa ya akili ninayofanyia kazi hapa Dar es Salaam, huletwa watu, wengi wao wanawake, ambao kwa miezi mingi wamekuwa wakiitwa wavivu na watu wa nyumbani mwao. Wanalala sana na bado wanaamka wamechoka, wanajibu polepole, wanasahau walichoagizwa, na hawana hamu hata na mambo waliyokuwa wakiyapenda. Baadhi wamekwisha kuombewa, wengine wamepelekwa kwa waganga. Kabla sijaandika sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kwenye faili, huwauliza maswali ambayo hawakuyatarajia kwa daktari wa akili: je, choo kimekuwa kigumu, hedhi imekuwa nzito, sauti imekwaruza, nywele zinakatika, unahisi baridi? Swali la baridi lina uzito wake katika mji wetu. Mtu anayejifunika blanketi usiku wa mwezi wa Februari, wakati wenzake chumbani wamewasha feni na bado wanatoka jasho, ananipa dalili ambayo kwa mkazi wa Njombe au Makete ingeweza kupita bila kuonekana.

Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya koo, hutengeneza homoni zinazoamua kasi ambayo mwili unatumia nishati, na ubongo ni miongoni mwa viungo vinavyozitegemea sana. Sehemu kubwa ya homoni inayotolewa na tezi hiyo ni T4, ambayo ubongo wenyewe huigeuza kuwa T3, iliyo na nguvu zaidi, kwa msaada wa kimeng'enya kilichomo ndani yake. Homoni hizo zinapopungua, kumbukumbu, umakini na hisia hudhoofika pamoja na moyo na utumbo. Ndiyo maana mgonjwa hawezi kujikaza akapona, na ndiyo maana lawama za ndugu huumiza bure.

Jambo hili lilijulikana zamani. Mwaka 1888 kamati ya madaktari jijini London iliripoti kwamba karibu nusu ya wagonjwa wenye upungufu mkubwa wa homoni hizi walipatwa na matatizo makubwa ya akili, na mwaka 1949 daktari Richard Asher alieleza habari za wagonjwa 14 waliochanganyikiwa kwa sababu hiyo, ambao wengi wao akili zao zilirejea walipopewa dawa ya tezi. Hali kali kiasi hicho ni nadra leo. Tunachokutana nacho zaidi ni huzuni, wasiwasi na uzito wa fikra, ambavyo ni rahisi kuvihesabu kuwa ugonjwa wa akili pekee.

Kwa hiyo ninaomba kipimo cha damu cha TSH, yaani homoni ambayo ubongo huituma kuiamuru tezi ifanye kazi. Tezi inapolegea, amri hiyo huongezeka. Maabara nyingi huhesabu kiwango cha kawaida kuwa kati ya 0.4 na 4.0 hivi. Ikiwa TSH imepanda sana na T4 imeshuka, chanzo kimepatikana, au angalau sehemu yake kubwa. Lakini TSH ikiwa imepanda kidogo tu huku T4 ikiwa ya kawaida, ninakuwa mwangalifu. Utafiti uliotolewa mwaka 2017, uliofanywa Ulaya kwa watu 737 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, ulionyesha kwamba kuwapa wazee wenye hali hiyo dawa ya tezi hakukupunguza dalili zao wala uchovu wao. Ninaona si haki kumwambia mtu mwenye sonona nzito kwamba kidonge cha thairoidi kitamaliza huzuni yake kwa sababu namba moja imevuka mpaka kidogo.

Kipindi kinachonisumbua zaidi ni kile cha baada ya kuanza levothairoksini, yaani kidonge cha kuziba upungufu wa homoni ya tezi. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, kiasi kwamba nusu yake huondoka baada ya siku saba hivi, na kipimo cha TSH hakina maana ya kutosha mpaka wiki sita hadi nane zipite. Mara nyingi mwili hutangulia: choo kinalainika, uvimbe wa uso unapungua, baridi inaondoka, ilhali moyo bado ni mzito na akili bado inakwama. Katika pengo hilo mgonjwa hudhani dawa imeshindwa akaiacha, au ndugu husema sasa amepona na kinachobaki ni kujidekeza. Ninawasihi wasubiri, na wasubiri wakiwa wanafuatiliwa na daktari.

Kusubiri huko, hata hivyo, kuna mpaka. Mgonjwa anayefikiria kufa, asiyekula au anayesikia sauti hatakiwi kungojea wiki nane ili TSH ishuke. Aletwe hospitali siku hiyohiyo. Vilevile wapo ambao TSH yao imetulia kabisa lakini sonona imebaki. Kwao natibu sonona kwa tiba yake, ya mazungumzo au ya vidonge au zote mbili, wakiendelea na dawa ya tezi. Kuongeza dozi ya thairoidi ili kuifukuza huzuni ni hatari, kwa sababu ikizidi huleta mapigo ya moyo ya haraka, kukosa usingizi na wasiwasi, na kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa.

Kabla ya kubadilisha dozi, huuliza kidonge kinamezwa vipi. Kinapaswa kumezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai ya asubuhi. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu huzuia kisifyonzwe vizuri, hivyo vitenganishwe nacho kwa saa nne. Joto na unyevu wa pwani huiharibu dawa hii, kwa hiyo isiwekwe dirishani wala juu ya friji. Wanaofunga Ramadhani wapange na daktari wao saa ya kuimeza, badala ya kuiacha mwezi mzima.

Makundi mawili nayapima bila kusita. La kwanza ni akina mama waliojifungua ndani ya mwaka mmoja, kwa kuwa tezi inaweza kuvimba baada ya uzazi, ikazidisha homoni kwa muda kisha ikalegea, na huzuni inayofuata ikahesabiwa kuwa ya malezi tu. La pili ni wagonjwa wangu wanaotumia lithiamu kwa ugonjwa wa hisia unaopanda na kushuka, kwa sababu dawa hiyo yenyewe inaweza kuilegeza tezi. Hao huwapima TSH kabla ya kuanza na kila baada ya miezi sita, na tezi ikilegea, kwa kawaida huwaongezea levothairoksini bila kuwanyima lithiamu inayowasaidia.