Uraia wa tajnisi: miaka mingi nchini peke yake haitoshi

Watu wengi hudhani mgeni akikaa Tanzania muda mrefu, akalipa kodi na kuoa hapa, siku moja uraia utamfikia wenyewe. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Sura ya 357, haisemi hivyo. Inatambua uraia wa aina tatu: wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Huo wa tatu, yaani ule anaopewa mgeni, huombwa, na mwamuzi wake ni Waziri mwenye dhamana ya mambo ya ndani. Kifungu cha 23 kinamruhusu kukubali au kukataa bila kutoa sababu. Kwa hiyo kutimiza masharti kunampa mgeni nafasi ya kusikilizwa tu, na ushahidi wake hauna budi kuwa safi tangu mwanzo.

Sharti linalowaangusha wengi ni la muda, nalo lina sehemu mbili. Kwanza, mwombaji awe ameishi nchini mfululizo kwa miezi 12 inayotangulia ombi. Pili, katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo 12, awe ameishi humu kwa jumla isiyopungua miaka saba. Tuseme anawasilisha ombi tarehe 1 Machi 2026. Mfululizo unahesabiwa kuanzia 1 Machi 2025, na ile miaka saba inatafutwa kati ya Machi 2015 na mwisho wa Februari 2025. Miaka saba inaweza kukatikakatika, mradi jumla itimie. Kwa maneno mengine, haiwezekani kufika hapo kabla ya kuishi nchini kama miaka minane.

Hapa ndipo makosa huanza. Kibali cha ukaazi kiliisha Juni, kipya kikatoka Septemba, na miezi ya katikati haina karatasi ya kuitetea. Au pasipoti ya zamani, yenye mihuri ya kuingia na kutoka, ilitupwa baada ya mpya kupatikana. Mwombaji atunze pasipoti zote na nakala za vibali vyote, hata vile vya mwajiri aliyeachana naye zamani. Mwajiri mara nyingi hukaa na nakala yake, na kampuni ikifungwa huenda nayo.

Masharti mengine ni kujua vizuri Kiswahili au Kiingereza, kuwa na mwenendo mwema, kuwa na mchango kwa maendeleo ya nchi, na kukusudia kuendelea kuishi Tanzania baada ya kupewa uraia. Suala la mwenendo halipimwi kwa barua ya sifa peke yake. Ombi hupitia ngazi za mtaa au kijiji, wilaya na mkoa kabla ya kufika makao makuu ya Uhamiaji na kwa Waziri, na wanaoulizwa ni watu wanaomfahamu mwombaji. Asiyejulikana hata na mjumbe wake wa mtaa ana kazi ngumu.

Ndoa nayo ina njia yake, ila haifanani kwa wote. Kifungu cha 11 kinamtaja mwanamke aliyeolewa na raia: anaweza kuomba wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo. Hana budi kufuata ile ya kawaida, miaka saba na yote yake. Tofauti hii imelalamikiwa kwa muda mrefu, na malalamiko hayo yana msingi.

Tanzania imewahi pia kutoa tajnisi kwa wingi. Wakimbizi wa Burundi waliokuja mwaka 1972 na kuishi katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikubaliwa, zaidi ya 162,000, lakini vyeti vilianza kugawiwa mwaka 2014 tu. Kilichochelewesha ni mpango wa kuwahamishia mikoa mingine, mpango ulioachwa baadaye.

Kwa kuwa sheria hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, anayekubaliwa hukana uraia wa kwanza na kula kiapo cha utii. Asiukane uraia wake mapema ili kuonyesha nia njema. Ombi likikataliwa baada ya hapo, hana nchi. Asubiri kwanza barua ya kukubaliwa, ndipo aende ubalozini. Watoto wake walio chini ya miaka 18 pia waombewe, kwa kuwa cheti cha mzazi hakiwabebi.