Halmashauri na askari wa mtaani: fedha zetu zinaweza kulipia nini?

Katika mafunzo ya madiwani na watendaji wa kata jijini Mwanza, swali ambalo halikosekani ni hili: ikiwa vibaka wanawasumbua watu usiku, kwa nini halmashauri isitumie mapato yake ya ndani kuajiri askari polisi wa ziada? Swali hili ni la haki, kwa kuwa anayelipa ushuru sokoni anastahili kufika nyumbani salama.

Huko England na Wales jambo hilo linawezekana. Kifungu cha 92 cha Sheria ya Polisi ya mwaka 1996 kinaziruhusu halmashauri kutoa ruzuku kwa ajili ya polisi wa eneo lao, na baadhi ya halmashauri za London zimekwisha kulipia askari wa ziada kwa mitaa yao. Ni rahisi kwao kwa sababu wana majeshi ya polisi 43, kila moja na eneo lake, na sehemu ya gharama zake tangu zamani hutokana na kodi inayolipwa na kila kaya.

Kwetu polisi ni miongoni mwa mambo ya Muungano. Jeshi ni moja, linaongozwa na Inspekta Jenerali, na ndilo linaloajiri askari, kuwapangia vituo na kuwawajibisha. Hata hivyo, Ibara ya 146 ya Katiba inaitaja kazi ya kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi kuwa mojawapo ya kazi za serikali za mitaa, kwa hiyo diwani anayesema kwamba usalama haumhusu anakosea.

Kinachobaki kwa halmashauri si kidogo. Inaweza kutenga kiwanja cha kituo, kuchangia ujenzi pale wananchi walipokwisha kuanza kwa nguvu zao, kujenga nyumba za askari, na kuweka taa kwenye njia za watu. Kwa maoni yangu, nyumba ya askari ndiyo inayosahauliwa zaidi, ilhali askari anayelala katika kata anayoilinda huwajua watu wake kwa majina, na taarifa humfikia kabla ya uhalifu kutendeka.

Tena, wingi wa askari peke yake hautoshi. Katika jaribio lililofanyika Kansas City, Marekani, mwaka 1972 hadi 1973, doria za magari ziliongezwa katika baadhi ya maeneo na kuondolewa katika mengine, lakini uhalifu haukuonyesha tofauti ya maana. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa doria huleta manufaa zaidi zinapoelekezwa kwenye sehemu chache ambako uhalifu hujirudia. Kwa Mwanza somo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu nyumba nyingi za Mabatini na Igogo zimepanda milima ya mawe kwa vijia ambavyo gari halipiti. Huko gari jipya la doria litaishia barabarani, na anayehitajika ni askari wa miguu na taa juu ya ngazi. Ufukweni nako, ambako wavuvi hulia na wizi wa nyavu na injini za boti, doria ya nchi kavu haimfikii mwizi aliyekwisha kuingia ziwani.

Pengo linalobaki hujazwa na ulinzi shirikishi, na sisi watu wa Kanda ya Ziwa tuna historia yake, kwani sungusungu walianzia Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kukabiliana na wezi wa ng'ombe. Walisaidia sana, lakini palikuwa pia na watu walioadhibiwa bila kufikishwa mahakamani, na hilo halikubaliki hata pale hasira ya wananchi inapoeleweka. Mlinzi wa mtaa akimkamata mtuhumiwa, wajibu wake ni kumkabidhi polisi akiwa mzima na bila kuchelewa. Halmashauri ingefanya vizuri kugharimia mafunzo ya walinzi hao pamoja na filimbi, tochi na makoti ya mvua, na kuhakikisha kuwa kila kaya inayotoa mchango wa ulinzi inapewa stakabadhi na kusomewa mapato na matumizi katika mkutano wa mtaa.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na mapendekezo ya kata huandaliwa miezi mingi kabla. Ombi la taa au la nyumba ya askari lipelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa na diwani wakati huo, likitaja kijia chenyewe na saa ambazo watu huporwa.