Hakuna kitu kinaitwa grini kadi ya miaka 10

Miezi ya karibuni malalamiko yameongezeka ofisini kwetu na yanafanana mpaka unaweza kummalizia mtu sentensi yake. Mtu yuko Marekani miaka 15, mwingine 20, mwingine 27, hana makaratasi, kaambiwa na jamaa kwamba ukishatimiza miaka 10 serikali inakupa grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, ni fomu tu, akatoa hela, miezi ikapita akapata kibali cha kazi akafurahi kweli kweli, alafu ikaja barua nyingine inamwita mahakamani. Anatuletea ile barua anauliza mbona naitwa kortini wakati nimeaplai grini kadi?

Kabla sijaendelea. Mimi ni mwakilishi niliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria kushughulikia kesi za uhamiaji kwenye taasisi ya msaada wa kisheria, taasisi yetu haina upande kwenye siasa za uhamiaji, na haya ninayoandika ni elimu ya jumla sio ushauri wa kesi yako, kesi yako siijui. Niliambiwa niliseme hilo mwanzoni, nimelisema.

Sasa, hiyo miaka 10 ipo kweli kwenye sheria, ndo maana uongo wenyewe unauzika. Kuna ombi la kufutiwa kuondolewa nchini, fomu yake inaitwa EOIR-42B, na anayelisikiliza ni jaji wa uhamiaji peke yake, yaani mpaka serikali iwe imeshakufungulia kesi ya kukuondoa ndo unaweza kulitaja. Ni utetezi wa mtu aliyeko mbele ya jaji, sio huduma ya dirishani. USCIS, ile ofisi ya serikali inayopokea maombi ya uhamiaji, hawaipokei hiyo fomu, hata ukienda na miaka 40. Kwahiyo yule jamaa anafanyaje? Anakujazia ombi la hifadhi ya ukimbizi bila kukwambia, akijua litakataliwa maana hifadhi inatakiwa iombwe ndani ya mwaka 1 tangu uingie isipokuwa kwa sababu maalum, na likikwama na wewe huna status, yaani huna haki ya kukaa nchini, faili linasukumwa mahakamani. Hapo katikati unapata kibali cha kazi kwa sababu una ombi la hifadhi linalosubiri, ndo kile ulichofurahia. Na kama kwenye lile ombi kaandika umeteswa na serikali ya kwenu wakati hujawahi hata kuzozana na askari wa barabarani, sahihi ni yako. Jaji akiona umetunga hadithi kwa makusudi na ulikuwa umeshaonywa, sheria inakufungia kila faida ya uhamiaji maisha yako yote. Maisha yote, sio miaka 10. Huwa narudia hii mara tatu kwenye semina na bado mtu ananyoosha mkono kuuliza ni miaka mingapi.

Mahakamani kwenyewe lazima uonyeshe umekaa miaka 10 mfululizo, safari moja ya nje ikizidi siku 90 umekatika, safari zote kwa jumla zikizidi siku 180 umekatika, lazima uwe na tabia njema, kuna makosa ya jinai ambayo ukihukumiwa nayo umetoka, na lazima uthibitishe kwamba ukiondolewa mume, mke, mzazi au mtoto wako ambaye ni raia au ana grini kadi atapata taabu ya kipekee isiyo ya kawaida kabisa. Mtoto hapa ni yule wa chini ya miaka 21 asiyeoa wala kuolewa, ndo maana wazee waliosubiri mpaka watoto wakawa watu wazima wanakuta dirisha limefungwa. Taabu yako wewe haihesabiwi. Mtoto kulia haitoshi, kuhama shule haitoshi, majaji wanataka kitu kama ugonjwa mzito usiotibika kule au mtoto mwenye mahitaji maalum. Ukishinda napo, nchi nzima wanaopewa ni watu 4,000 tu kwa mwaka wa fedha.

Saa ya ile miaka 10 inasimama siku unapokabidhiwa barua ya kushtakiwa, ile NTA, lakini Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2018 na tena 2021 ilisema barua isiyo na tarehe na mahali pa kesi kwenye karatasi hiyo hiyo moja haisimamishi saa. Kwahiyo kama una NTA ya zamani imeandikwa tarehe itapangwa baadae, usiitupe. Kuna watu kesi yao nzima imesimama kwenye karatasi waliyokuwa wanaiona mkosi ndani ya nyumba.

Neno ninalosikia kuliko yote ni foleni. Mimi niko kwenye foleni, nasubiri. Naulizaga, nani alikuombea? Hakuna. Ulipeleka fomu gani? Hakuna. Basi ndugu yangu hauko kwenye foleni, umekaa tu, na serikali haijui kwamba kuna kitu unasubiri. Nasema hivyo najua inaumiza na wenzangu ofisini wananiambia nilainishe, ila mtu aliyekaa miaka 20 akiamini ana namba kwenye foleni anakataa hata kutafuta njia yake halisi, na wengine njia wanayo.

Kinachopima njia ni namna ulivyoingia, miaka inakuja nyuma yake. Wengi wetu tuliozungumza Kiswahili tangu nyumbani tulikuja na viza, ya masomo au ya kutembea, ukakaguliwa uwanja wa ndege ukapigwa muhuri, alafu muda ukaisha ukabaki. Huyo, akioana na raia kwa ndoa ya kweli, au mtoto wake raia akafikisha miaka 21 akamuombea, kwa kawaida anaweza kubadilishiwa status akiwa humu humu ndani, kule kupitisha muda wa viza na kufanya kazi bila kibali sheria inavisamehe kwa ndugu wa karibu wa raia. Namaanisha mume au mke, mzazi wa raia wa miaka 21, na mtoto wa chini ya 21 asiye na ndoa. Kaka na dada hawamo, msinipigie. Ukiitwa usaili usiende peke yako, siku hizi kuna watu wamekamatwa pale pale.

Aliyevuka mpaka bila kukaguliwa hadithi yake ni nyingine kabisa hata kama ana watoto raia saba. Mtoto anaweza kumuombea na ombi likakubaliwa, lakini kukamilisha inabidi atoke akahojiwe ubalozini, na akitoka tu anaangukia sheria ya 1996: aliyekaa bila haki zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka akiondoka anafungiwa miaka 3, aliyekaa mwaka 1 au zaidi anafungiwa miaka 10. Kuna msamaha unaombwa kabla hujatoka, fomu I-601A, ila unataka uthibitishe taabu kubwa ya mume, mke au mzazi aliye raia au mwenye grini kadi, mtoto hatajwi. Hapa ndo watu wananikasirikia mimi kana kwamba 1996 nilikuwa bungeni.

Ile adhabu inawaka ukitoka, ukiwa ndani imelala. Kwahiyo msiba ukitokea nyumbani, na unatokea, mama amefariki na wewe hujamuona tangu 2003, piga simu kwa wakili kabla ya kukata tiketi, hata kama ni saa 8 usiku muachie ujumbe. Sitakwambia usiende kumzika mama yako, sio kazi ya taasisi na sio kazi yangu, nakwambia ujue ukitoka unaacha nini. Wenye ombi lililoko mezani kuna kibali cha kusafiri cha dharura kinaweza kuombwa, na wasio na ombi kwa kawaida hawana. Na usije ukarudi kwa njia za panya, aliyekaa jumla ya zaidi ya mwaka bila haki akatoka akarudi kwa kuvuka mpaka kimya kimya anafungiwa moja kwa moja, hawezi hata kuomba ruhusa ya kufikiriwa mpaka akae nje miaka 10 kwanza. Walioingia kama wanafunzi na fomu yao ya I-94, ile rekodi ya kuingia nchini, imeandikwa D/S, yaani muda wote wa masomo badala ya tarehe, siku zao zinahesabika tofauti, msijihukumu wenyewe, leteni hiyo fomu.

Bahati nasibu ya viza nayo. Unaicheza ukiwa humu bila status, unashinda, unafurahi, na kuimalizia humu ndani huwezi, ukitoka kuimalizia ubalozini inakukuta ile miaka 10. Tumeyaona hayo kila mwaka ilipochezwa.

Kuna waliokuwa wanafaidika na muda peke yake, hilo ni kweli na wazee ndo wanalolikumbuka. Mwaka 1986 Rais Reagan alisaini sheria iliyowapa makaratasi watu kama milioni 2.7, wengi wao waliokuwa wameingia kabla ya Januari 1982. Na kuna kifungu cha zamani zaidi, cha tangu 1929, kinachosema aliyeingia kabla ya tarehe fulani na ana tabia njema anaweza kuandikishwa awe mkazi halali. Bunge lilikuwa linaisogeza ile tarehe mara kwa mara, 1986 likaiweka 1 Januari 1972, tangu hapo halijaigusa. Wakati ule ilikuwa miaka 14 nyuma, sasa imepita 50. Kila mara miswada ya kuisogeza inapelekwa na video zinaanza kuzunguka kwenye simu kwamba imepita. Haijapita. Ikipita tutasema na hautatakiwa kumlipa mtu wa kwenye video.

Kinachonisikitisha ni watu wenye kitu na hawajui. Kama kuna mtu aliwahi kukuombea, mwajiri, kaka aliyekuwa raia, yeyote, na ombi lilipelekwa mpaka 30 Aprili 2001, kuna kifungu kinaitwa 245(i) kinachoweza kukuruhusu kumalizia humu ndani hata kama ulivuka mpaka, kwa kulipa faini ya dola 1,000. Sio lazima lile ombi la zamani ndo litumike, linaweza kukubeba kwenye jipya. Na kama aliyeombewa alikuwa mzazi wako wakati wewe mdogo, linaweza kukubeba na wewe pia. Kwahiyo risiti ya mwaka 2000 iliyoko chini ya begi ina maana kuliko miaka 20 iliyofuata. Risiti ikipotea tunaomba nakala ya faili serikalini, ni taratibu ya kawaida ingawa inachukua muda. Aliyepigwa na mume au mke raia, aliyefanyiwa uhalifu akawasaidia polisi, hao nao wana milango yao, msikae nayo kwa aibu.

Alafu kuna kosa moja linaua kesi nzuri kuliko yote, kujisema raia. Kwenye fomu ya kazini, I-9, kuna kiboksi cha raia, mtu anatiki ili apite. Au anafanya leseni ya udereva anaulizwa ujiandikishe kupiga kura, anasema ndio kwa heshima. Kujidai raia kwa uongo tangu 30 Septemba 1996 ni kufungiwa kabisa na kwa watu wengi hakuna msamaha. Mtu ana mke raia, ana viza aliyoingilia, kila kitu, na kale katiki kanamzuia. Kama umeshafanya usijifiche kwetu, tuambie, serikali itaiona tu. Na kodi endelea kulipa kwa ITIN, ile namba ya kodi ya wasio na Social Security, kama unalipa, ni ushahidi wa tabia njema na wa miaka, ila haikupi status, na kwa kuwa Aprili 2025 idara ya kodi iliingia makubaliano ya kutoa taarifa kwa watu wa uhamiaji na jambo likaenda mahakamani, kama unaanza sasa ongea na wakili kwanza.

Kuhusu wageni kujiandikisha serikalini, ambako kumeleta hofu tangu 11 Aprili 2025: sheria ni ya zamani, kipya ni fomu ya G-325R. Inawahusu wa miaka 14 na kuendelea waliokaa siku 30 au zaidi na hawajawahi kuandikishwa. Aliyeingia na viza akapewa I-94 anahesabika ameshaandikishwa hata kama viza iliisha 2004, kwahiyo msikimbilie kujaza kwa woga. Asiyeandikishwa akipuuza anaweza kupigwa faini mpaka dola 5,000 au kifungo mpaka miezi 6, na akijaza anajitambulisha, ndo maana haijazwi bila kuonana na mtu anayejua. Kuhama nyumba ni ndani ya siku 10, fomu AR-11, mwenye kesi mahakamani ni siku 5 na fomu yake ni EOIR-33, hizo ni fomu mbili tofauti ofisi mbili tofauti, ukipeleka moja nyingine haijui. Usipofika kortini jaji anatoa amri ya kukuondoa bila wewe, na kama sababu ni dharura una siku 180 kuomba ifunguliwe upya.

Wanaoruhusiwa kukushauri ni wakili au mwakilishi aliyeidhinishwa kama mimi, na notari hapa Marekani ni mtu wa kushuhudia sahihi, sio mwanasheria, hata akiwa anasali na wewe. Mtu akikujazia fomu akakataa kukupa nakala, ondoka.

Ukija kwetu njoo na kila karatasi yenye jina lako na tarehe, pasi ya zamani iliyoisha, bili, kadi za kliniki za watoto, bahasha zenye muhuri wa posta. Tangu Januari 2025 serikali imekuwa ikitaka kuwaondoa haraka bila jaji wasioweza kuonyesha wamekaa miaka 2 na linabishaniwa mahakamani, kwahiyo hizo karatasi zina kazi hata kabla ya kufika kwangu. Usizipange, tutazipanga sisi. Na kama kuna bahasha ya mahakama hujaifungua, maana wengi wenu mnazo, hiyo ndo tunaanza nayo.